Kwa Mama Mweusi wa Einsiedeln

Septemba 11, Zürich

Habari za Einsiedeln, mji wa hija wa Uswisi wenye sanamu nyeusi ya Bikira Maria, zinaanza na mauaji, na wauaji walinaswa Zürich. Ndiyo maana sikutaka kwenda moja kwa moja, ingawa kutoka hapa hadi abasiani, yaani kwenye nyumba kuu ya watawa inayoitunza sanamu, ni mwendo wa treni usiofika saa moja. Niko na shangazi, muuguzi mstaafu aliyeishi Uswisi miaka mingi, na ambaye amekwenda kumsalimu Mama wa Einsiedeln mara nyingi kuliko anavyopenda kukiri. Nilipomwamkia kituoni alinitazama viatu kwanza, ndipo akaitikia marahaba.

Zürich si mji wa hija. Ni mji wa benki na tramu, na kando ya mto Limmat imesimama minara miwili ya Grossmünster, kanisa ambalo Huldrych Zwingli, kiongozi wa mageuzi ya Kiprotestanti ya Uswisi, alianza kuhubiri humo Januari 1519. Kuta za ndani ni tupu. Mwaka 1524 baraza la mji liliagiza picha na sanamu ziondolewe makanisani, na zikaondolewa kweli. Jambo moja watu hulisahau: kabla ya kuja hapa Zwingli alikuwa padre Einsiedeln, kuanzia 1516 hadi 1518. Mahujaji waliokuja kupiga magoti mbele ya sanamu tunayoiendea ndio aliowahubiria. Nikamuuliza shangazi inawezekanaje mtu akae na Mama miaka ile, kisha aje kuongoza watu wasiotaka sanamu kabisa.

"Msakristia, mwanangu, ndiye wa mwisho kushangazwa na altare," akajibu, akaendelea kula tufaha lake.

Mageuzi yale nusura yaifunge abasia yenyewe. Msimamizi wake, Diebold von Geroldseck, alimfuata Zwingli, na wote wawili wakafia vitani Kappel mwaka 1531. Watawa walikuwa wamekwisha kiasi kwamba mwaka 1526 wakuu wa jimbo la Schwyz walilazimika kumleta Ludwig Blarer kutoka St. Gallen awe abate, yaani mkuu wa abasia, aanze upya. Nayaandika haya mapema kwa sababu watu wengi hudhani patakatifu pa kale huwa panadumu tu, karne baada ya karne, kama jiwe. Hapa pamekufa na kufufuliwa mara nyingi.

Jioni tukapanda treni ya kando ya ziwa hadi Rapperswil. Mji mdogo, ngome juu ya kilima, waridi kila mahali. Tumelala mapema.

Septemba 12, Rapperswil hadi Einsiedeln kwa miguu

Leo ndiyo siku ya miguu. Kama kilomita kumi na sita na ushei, na katikati kuna mlima.

Tulitoka alfajiri kwenye daraja la mbao linalokatiza ziwa hadi Hurden. Lina urefu wa mita 841 na lilifunguliwa mwaka 2001, lakini mahali penyewe pana historia ndefu: Rudolf IV wa Habsburg, ukoo wa watawala wa Austria, alijenga daraja la mbao hapa kati ya 1358 na 1360, na kabla ya hapo mahujaji walivushwa kwa mashua. Kikanisa kidogo cha mwaka 1551 bado kipo darajani, hakizidi chumba cha mlinzi. Hii pia ni sehemu ya njia ya Mtakatifu Yakobo, ile ya hija ya Santiago huko Uhispania, kwa hiyo alama zake za kombe la baharini hukufuata hatua kwa hatua, na baadhi ya waliotupita walikuwa na mabegi ya watu wanaokwenda mpaka Uhispania. Wajerumani wa kusini waliokwenda Santiago zamani walipitia Einsiedeln kwanza, wakapumzika, ndipo wakaendelea.

Kulia kwetu ndani ya maji kulionekana kisiwa cha Ufenau. Kaizari Otto I aliwapa watawa wa Einsiedeln kisiwa hicho mwaka 965, na mpaka leo ni chao. Ulrich von Hutten, mshairi na mgomvi mkubwa wa Roma, alikimbilia pale akiwa mgonjwa na akafia pale mwaka 1523. Adui wa Papa kazikwa kwenye ardhi ya abasia! Shangazi aliona si ajabu. Alisema mgonjwa ni mgonjwa.

Kutoka Pfäffikon njia inapanda. Ziwa liko mita mia nne na kidogo juu ya usawa wa bahari, mlango wa Etzel, yaani pito la mlimani, uko 950, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo unaimaliza kwa mkupuo mmoja ndani ya msitu. Shangazi alikuwa amenionya asubuhi kwamba hataki kushikwa mkono. Sikumshika. Yeye ndiye aliyekuwa akinisubiri kwenye kona, akijifanya anatazama mandhari.

Pale juu pana kikanisa cha Mtakatifu Meinrad, cha mwishoni mwa karne ya 17, na nyumba ya wageni ubavuni. Tuliketi ukutani, na hapa sasa ndipo mahali pa kuisimulia ile habari ya mauaji.

Meinrad alikuwa mtawa wa Reichenau, kile kisiwa cha ziwa Konstanz, mtu wa vitabu. Alitumwa kufundisha katika nyumba ndogo ya watawa upande wa juu wa ziwa la Zürich, lakini moyo wake ulikuwa kwingine. Kama mwaka 828 alipanda hapa Etzel akaishi kama mkaapweke. Tatizo la wakaapweke ni lilelile siku zote: wakisifika kwa kukimbia watu, watu huwafuata. Baada ya miaka saba, mwaka 835, akashindwa na wingi wa wageni, akashuka upande wa pili na kuingia msitu wa giza ambao hakuna aliyeutaka. Huko akajenga chumba na mahali pa kusali, na huko watu wakamfuata tena. Tarehe 21 Januari 861 wanaume wawili walifika wakidhani zawadi za mahujaji zimemtajirisha. Aliwakaribisha, akawapa chakula. Wakampiga hadi akafa. Simulizi husema alikuwa amewalea kunguru wawili, na kunguru hao wakawafuata wauaji hadi Zürich, wakiwazomea na kuwapiga kwa mbawa mpaka watu wakawatambua na wakahukumiwa. Kunguru hao wawili ndio walio kwenye nembo ya abasia hadi leo, na kwenye nembo ya mji pia.

Kwa hiyo hija ya Einsiedeln ina umri mkubwa kuliko abasia. Watu walikuwa wakija kwa Meinrad akiwa hai, wala hakuwaita.

Tukashuka hadi daraja lenye paa juu ya mto Sihl, linaloitwa Daraja la Ibilisi. Karibu na hapo alizaliwa Paracelsus, mwaka 1493 au 1494, mtoto wa tabibu, ambaye baadaye alizunguka Ulaya akiwaudhi matabibu wenzake na kuwafundisha kwamba kinachofanya kitu kiwe sumu ni kipimo chake. Kama muuguzi, shangazi alikuwa na mengi ya kusema juu ya kipimo. Nayaacha.

Baada ya Sihl ni malisho matupu na upepo, na kijiji hukioni. Kisha kwa ghafla minara miwili, na chini yake ukuta mrefu wa jengo usiokwisha. Mbele ya kanisa kuna kisima cha Bikira Maria chenye midomo kumi na minne, na desturi ni kunywa kutoka kila mdomo, maana haijulikani ni upi aliounywea Bwana Yesu alipopita, kama wanavyosema wenyeji. Shangazi alizunguka yote kumi na minne bila aibu. Mimi nilifika wa tano nikashiba.

Septemba 13, ndani ya kanisa

Leo sikutoka kwenye eneo la abasia, na sikutaka.

Kanisa lililopo ni la baroko, mtindo wa karne ya 17 na 18 uliojaa mapambo. Jiwe la msingi liliwekwa mwaka 1721 na likatabarukiwa 1735. Aliyelichora ni Caspar Moosbrugger, bruda wa nyumba hii hii, fundi mawe aliyeingia utawani, akafariki mwaka 1723 kabla hajaona hata paa lake. Dari ni kazi ya ndugu wawili kutoka Bavaria, Cosmas Damian Asam kwa rangi na Egid Quirin Asam kwa plasta, waliofanya kazi hapa kati ya 1724 na 1726. Ukiingia na kuinua macho, kichwa kinazunguka: malaika, mawingu, dhahabu, rangi ya waridi, Noeli nzima imepakwa ndani ya kuba moja. Mimi si mpenzi wa baroko. Huwa naona kama fundi aliogopa kubakiza nafasi. Lakini hapa kuna jambo limenishika, nalo ni mpango wa jengo. Moosbrugger aliambiwa pana kikanisa kidogo kisichoguswa, na kanisa kubwa lazima likizunguke. Basi akatengeneza ukumbi wa pembe nane, akakiacha kikanisa kikasimama katikati yake, karibu na mlango, kwa namna kwamba mkulima aliyefika na matope miguuni anakikuta kabla hajafika kwenye altare kuu. Fahari yote ile ya juu imejengwa ili kuhifadhi chumba kimoja.

Chumba hicho ni Kikanisa cha Neema. Kinasimama, kwa mapokeo, pale pale palipokuwa na chumba cha Meinrad. Ni cha marumaru nyeusi, na ndani yake, juu ya altare, kwenye mawingu na miali ya dhahabu, yuko Mama.

Ni mdogo. Hilo ndilo la kwanza. Sanamu ya mbao iliyozidi mita moja kidogo tu, ya mtindo wa Kigothi wa mwisho, ya katikati ya karne ya 15. Yuko wima, Mtoto mkononi, na Mtoto kashika ndege. Ukimwangalia huoni mchongo kwa sababu amevishwa: vazi pana la kunyooka kama kengele, lenye taraza za dhahabu, mtindo uliotokana na nguo za ikulu ya Uhispania mwanzoni mwa karne ya 17. Abasia ina mavazi mengi ya namna hiyo na humbadilishia kufuata kalenda ya liturujia, zambarau kwa Majilio na Kwaresima, na mengine kwa sikukuu. Chini ya vazi hilo Mtoto amechongwa uchi, kama mtoto yeyote. Kinachoonekana ni nyuso na mikono tu, na nyuso na mikono ni vyeusi tii.

Shangazi alipiga magoti. Nami nikapiga, kisha nikaanza kumtazama kwa jicho la mdadisi, jambo ambalo labda si adabu.

Sanamu hii si ya kwanza. Ile ya awali, ambayo mahujaji wa enzi za kati waliijua, iliteketea. Kanisa la Einsiedeln limeungua mwaka 1029, 1226, 1465, 1509 na 1577. Kati ya 1465 na 1577 peke yake moto ulizuka mara tatu. Moto wa 1465 ndio unaoaminika kuila sanamu ya kale, na iliyopo sasa ikachukua nafasi yake. Hakuna kumbukumbu ya mahujaji kususa eti huyu ni mpya. Mwaka uliofuata, 1466, ilipofanywa sikukuu kubwa, walimiminika kwa wingi ambao wanahistoria bado wanautaja: inaelezwa kwamba beji za hija zilizouzwa kwa majuma mawili zilifika 130,000. Mchongaji wa nakshi za shaba asiyejulikana kwa jina, anayeitwa tu Bwana E. S. kwa herufi zake, alichapa picha ya Mama wa Einsiedeln mwaka huo huo, mahujaji wakaenda nayo makwao. Kwenye karatasi, bila shaka, hakuwa na rangi.

Sasa weusi. Shangazi kwa miaka yote amekuwa na jibu lake: Mama ni mweusi kwa kuwa ni wetu. Nilikuwa nimesoma kitu kingine, nikasita kumwambia mpaka tulipotoka nje na kuketi kwenye ngazi.

Mwaka 1798 majeshi ya Ufaransa ya mapinduzi yaliivamia Uswisi. Mapema Mei askari wa jenerali Schauenburg walifika Einsiedeln. Watawa walikuwa wamekwisha kukimbia na Mama, na kwenye altare waliacha nakala. Wafaransa waliichukua nakala ile kama nyara, kisha wakakibomoa Kikanisa cha Neema, kile kilichofunikwa marumaru mwanzoni mwa karne ya 17 kwa fedha za Markus Sittikus, askofu mkuu wa Salzburg. Kanisa kubwa likabaki, katikati yake pana shimo.

Mama mwenyewe alifichwa milimani, akazikwa ardhini kwa muda, kisha akavushwa mpaka. Husimuliwa kwamba alibebwa katika mzigo wa mchuuzi, na mlinzi wa mpakani angedhani ni bidhaa za kutembeza nyumba kwa nyumba. Akafika Bludenz, upande wa Austria. Unyevu ulikuwa umemharibu. Mwaka 1799 akakabidhiwa fundi wa huko, Johann Adam Fuetscher, amtengeneze.

Fuetscher aliacha maelezo ya kazi yake, na maelezo hayo ndiyo yaliyobadilisha historia ya sanamu. Alipoanza kusafisha aliona kwamba weusi haukuwa wa brashi. Ulikuwa masizi: moshi wa taa na mishumaa iliyowaka mbele yake usiku na mchana, vizazi na vizazi, katika chumba kisicho na hewa. Chini ya masizi palikuwa na rangi ya ngozi ya Kizungu, mashavu na midomo, kama mchongaji alivyomtoa. Kwa mara ya kwanza baada ya karne tatu uso wa asili ulikuwa hadharani.

Naye Fuetscher akampaka nyeusi. Mahujaji walikuwa wamemjua mweusi, na Mama mwenye mashavu ya waridi asingekuwa Mama wa Einsiedeln. Mwaka 1803, baada ya kuzungushwa hadi Trieste kukwepa vita, alirudi nyumbani. Kikanisa kikajengwa upya kati ya 1815 na 1817, kwa mtindo wa wakati huo, kwa kutumia pia vipande vya marumaru vilivyookotwa.

Nilipomaliza nilingoja shangazi ahuzunike. Alikaa kimya kidogo akikunja leso.

"Kwa hiyo walimwona mweupe," akasema.

"Ndiyo."

"Na rangi ilikuwapo. Wangeweza kumwacha."

"Wangeweza."

"Hawakutaka. Basi mimi nimebaki na jibu langu, ila sasa lina ushahidi."

Nimelifikiria jambo hilo mchana kutwa na sijapata cha kumpinga. Ni kweli hakuna Mwafrika aliyekuwa kichwani mwa Fuetscher. Lakini weusi wa Mama umetoka mikononi mwa mahujaji, mara mbili: kwanza kwa mishumaa yao bila kukusudia, kisha kwa mapenzi yao kwa makusudi. Mchongaji aliamua uso. Rangi waliiamua wanaokuja.

Saa kumi na nusu jioni watawa walisali Masifu ya Jioni, kisha wakatoka kwa maandamano wawili wawili, kama arobaini kasoro, wazee wengi na vijana wachache, hadi mbele ya Kikanisa cha Neema. Wakaimba Salve Regina kwa sauti nyingi. Wanaimba hivyo kila siku tangu mwaka 1547. Ni wimbo huu huu tunaosali sisi, Salamu Malkia, Mama mwenye huruma, na shangazi aliusali kwa Kiswahili chini chini wakati wao wakiimba Kilatini, akamaliza kabla yao, akaanza tena.

Septemba 14, sikukuu

Leo ni sikukuu ya Kutabaruku kwa Malaika, siku kubwa kuliko zote hapa. Misa ya asubuhi ilijaa, ubani ulikuwa mzito, mahubiri marefu, nayapita.

Nieleze sikukuu yenyewe. Baada ya Meinrad kuuawa, pakakaa karibu patupu hadi mwanzoni mwa karne ya 10, Benno wa Strasbourg alipokuja na wenzake kufyeka msitu. Mwaka 934 Eberhard, mkuu wa mapadre huko huko Strasbourg, akaigeuza jumuiya hiyo kuwa abasia ya Wabenediktini, na mwaka 947 Otto I akaipa uhuru wa kujichagulia abate. Mwaka 948 Konrad, askofu wa Konstanz, alialikwa kutabaruku. Usiku wa kuamkia Septemba 14 aliamka kusali, na mapokeo yanasema alimwona Kristo mwenyewe kikanisani akiongoza ibada pamoja na malaika na watakatifu. Asubuhi askofu akasita kuanza. Walipomhimiza, sauti ikasikika: acha, ndugu, acha, kikanisa kimekwisha kutabarukiwa na Mungu.

Kuna hati ya Papa Leo VIII ya mwaka 964 inayothibitisha muujiza huo. Wanahistoria wa leo wanaihesabu kuwa ya kughushi, iliyoandikwa baadaye sana. Watawa wenyewe hawalifichi jambo hilo, na nimewaheshimu kwa hilo. Wanaadhimisha sikukuu bila kuitegemea hati.

Lakini linaloshangaza zaidi liko kwingine. Kikanisa kile cha mwanzo kiliwekwa kwa heshima ya Mwokozi, siyo ya Bikira Maria. Mama alikuwa msimamizi wa kanisa kubwa lililo nyuma yake. Ni kadiri karne za 12 na 13 zilivyosonga ndipo mahujaji, bila amri ya mtu, walipoanza kukiendea kikanisa kwa ajili yake, mpaka kikawa chake. Nilipolieleza hilo kwa shangazi tukiwa kwenye foleni ya kahawa alinijibu kwamba hata Kana ilikuwa hivyohivyo, watu walimwendea Mama ndipo wakafika kwa Mwana. Ni mtu mgumu kumpa habari mpya.

Mchana nikatembea hadi zizi la farasi la abasia, lililo nyuma ya jengo kuu. Watawa hawa wamefuga farasi tangu enzi za kati, na Waitaliano waliwaita farasi wa Madonna. Ardhi ndiyo iliyowafanya matajiri, na ardhi ndiyo iliyowaletea balaa. Kwa zaidi ya karne mbili waligombea malisho na majirani wao wa Schwyz. Usiku wa Epifania, Januari 6, 1314, watu wa Schwyz waliivamia abasia, wakavunja pishi, wakanywa divai, wakanajisi kanisa na kuwaswaga watawa kama mifugo hadi kwao. Wana wa Habsburg, waliokuwa walinzi wa abasia, walikuja kulipiza kisasi Novemba 1315, wakashindwa vibaya kwenye mlango wa Morgarten. Waswisi wanaihesabu vita hiyo kati ya misingi ya taifa lao. Kwa maneno mengine, taifa hili kwa sehemu lilianza kwa kuiibia abasia hii. Na walewale Schwyz baadaye wakawa walinzi wake, wakaja kuhiji, na ndio waliomleta abate mpya ilipokuwa inakufa mwaka 1526. Ukiuliza lini hasa uadui uligeuka ibada hupati tarehe.

Jioni giza lilipoingia, Ekaristi ilitolewa nje, maandamano yakashuka uwanjani. Uwanja wote mbele ya kanisa, matao ya maduka, ngazi, ukingo wa kisima, vyote viliwekwa vitaa vidogo vya moto. Nilisikia Kijerumani cha namna tatu, Kiitaliano, Kireno, Kikroeshia, na nyuma yetu familia ya Kitamil iliyokuwa na watoto watatu waliovaa kama wa harusi. Papa Yohane Paulo II alisali hapa Juni 1984, na wazee waliokuwapo siku ile walikuwa wakisimuliana. Baridi ilikuwa kali. Shangazi alivaa koti langu juu ya lake.

Septemba 15, kuondoka

Asubuhi tulitembelea maktaba. Ukumbi wa baroko, mweupe na kijani kibichi, vitabu hadi darini. Katika hazina yao kuna Kodeksi 121, ya karne ya 10, moja ya vitabu vya kale kabisa vyenye nyimbo za Misa ya Kigregori pamoja na alama zake za muziki. Wengi wanaoimba Kigregori leo wanaitegemea. Kuna pia mwongozo wa Roma ulionakiliwa karne ya 9, unaomwelekeza msafiri: ukitoka lango hili, kulia utaona kanisa fulani, kushoto magofu fulani. Watu wa hija walikuwa na kitabu cha hija cha watu wengine. Mwaka 1760 Giacomo Casanova, Mvenisi aliyesifika kwa kupenda wanawake, alipita hapa, akaonyeshwa maktaba, na kwa siku chache akadhamiria kabisa kuwa mtawa. Kisha akaonekana mwanamke hotelini Zürich.

Kwa msomaji wa kwetu niongeze neno moja, maana nimeulizwa tayari: watawa hawa ni Wabenediktini, lakini si wa shina moja na waliofika Peramiho na Ndanda. Hao ni wa St. Ottilien, Bavaria, na tawi lao la Uswisi liko Uznach, jirani kabisa na Rapperswil tulikolala. Einsiedeln yenyewe ilituma watawa Marekani, wakaanzisha abasia ya Mtakatifu Meinrad huko Indiana mwaka 1854.

Treni ilikuwa adhuhuri. Muda uliobaki shangazi aliutumia chini ya matao ya uwanja, kwenye maduka ya rozari, mishumaa na biskuti za asali zenye umbo la kondoo dume. Alitaka sanamu ndogo ya kupeleka jumuiya ya nyumbani. Muuza duka, mama wa makamo, alimwekea mezani kadhaa. Moja ilikuwa imechongwa kwa mbao isiyopakwa rangi, uso wa njano ya msonobari, kazi safi kuliko zote, na bei yake ilikuwa juu. Shangazi akaigeuzageuza, akamuuliza kwa Kijerumani chake cha hospitali kama hii nayo ni Mama wa Einsiedeln. Muuza duka akasema ndiyo, ni kwa wale wanaopenda mbao yenyewe.

"Hapana," shangazi akasema, akairudisha. Akachukua nyeusi mbili, akaanza kuomba apunguziwe faranga tano, jambo ambalo katika nchi ile halifanywi kabisa. Akapunguziwa tatu.